Marehemu wa Benchi la Tatu

Antonia Tluway alipata habari za kifo chake mwenyewe siku ya Jumapili, misa ya kwanza, kanisani Rhotia, akiwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama, na mapajani ana mfuko wa maharage ya sadaka.

Katekista Sylvesta alikuwa anasoma nia za misa kama kawaida yake, haraka haraka, maana nyumbani ana ng'ombe wanamsubiri. Akasoma ya wagonjwa, akasoma ya mvua, akafungua ukurasa wa pili. "Misa hii pia tunamwombea marehemu Antonia Tluway wa hapa Rhotia, aliyefariki mwaka elfu mbili kumi na sita. Mungu amlaze..."

Hapo ulimi ukamganda. Sylvesta na Antonia wamechota maji bomba moja miaka ishirini. Akainua macho kutoka kwenye daftari, akamwona marehemu anamtazama, kilemba kichwani, maharage mapajani. Lakini Sylvesta ni mtu wa utaratibu, sentensi akishaianza haiachi njiani. "...mahali pema peponi," akamalizia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Amina," akaitikia Antonia. Mtu akiombewa lazima aitikie.

Misa ilipoisha hakuna aliyeondoka. Watu walimzunguka Sylvesta mpaka akashindwa kuiona baiskeli yake.

"Mimi nimesoma kilichoandikwa," alijitetea. "Alikuja dada mmoja mzungu Alhamisi, Klara jina lake, wale wa dansi. Analia machozi kabisa. Kaleta na karatasi yenye jina. Anasema wanacheza dansi ya marehemu dunia nzima, sasa amefika kijijini kwake, ameona amlipie misa."

Modest, mume wa Antonia, alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi. Huyu mzee utani kwake ni kama ugali, asipoupata mchana usiku halali. "Kwa hiyo mimi ni mgane miaka minane," alisema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia. Si ningeshaoa."

"Nani angekukubali na hayo meno," Antonia akamjibu. Lakini hakucheka. Aliposikia neno dansi, jina moja lilikuwa limeshapanda kifuani kama kiungulia. Godson.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, usije ukamhukumu mama wa watu bure.

Karatu kuna Tamasha la Vumbi Jekundu. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, vumbi linapokuwa limefika mpaka kwenye sukari, wanakuja wachezaji wa dansi ya kisasa kutoka Dar, Nairobi, Maputo, na huko Ulaya, wanacheza siku nne uwanja wa nyuma ya soko. Tamasha lina karibu miaka ishirini. Lilianzishwa na walimu wawili wa dansi na mwenye loji mmoja, baada ya kuona watalii wanalala Karatu usiku mmoja wakisubiri kushuka kreta kuona wanyama na hawana la kufanya zaidi ya kuhesabu mbu. Siku hizi mji mzima unaishi kwa tamasha. Wiki hiyo bodaboda wanapandisha bei, saluni zinafungwa saa sita usiku, na hata muuza mitumba anakwambia shati hili ni la kisasa, linafaa kwa dansi.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza watu walikaa wakisubiri dansi ianze, kumbe imeshaisha. Jamaa mmoja kutoka Nairobi alilala chini katikati ya jukwaa dakika ishirini bila kutikisika, ndiyo dansi yenyewe, mpaka Koinet, mzee wa Kimasai aliyekuwa amepita kutoka mnadani, akaona haya si ya kutazama, akavua shuka yake akaenda kumfunika. Wazungu walipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Walidhani imepangwa.

Shida kubwa ilikuwa sakafu. Wachezaji hawavai viatu. Mwaka wa kwanza walichezea mbao, wakatolewa vibanzi miguuni. Mwaka wa pili wakachezea saruji, magoti yakavimba kama viazi. Antonia alikuwa anawapikia makande. Aliwatazama wanavyochechemea kuja na sahani, akasema, "Kwani nyie mna nini? Si mshindilie sakafu kama watu?"

Basi mwaka wa tatu akaja na wanawake kumi na moja wa Rhotia. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe mabichi, majivu, maji kidogo kidogo. Wanawake wanapanga mstari, wanashikana viuno, wanashindilia kwa miguu mitupu, mbili kulia, mbili kushoto, mguu mzima chini, siku mbili. Siku mbili nyingine inakauka. Ikikauka unaweza kumlaza mtoto mchanga. Na sharti ni moja, lile lile la nyumbani: sakafu mpya haikanyagwi na mtu mpaka aliyeongoza kuishindilia aivuke kwanza, peku, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tamasha wakalipenda sharti hilo, wakalifanya ndiyo ufunguzi. Kila mwaka mguu wa kwanza ni wa Antonia. Hana cheti cha kitu chochote duniani isipokuwa ubatizo, lakini hiyo sakafu ndiyo jina lake.

Sasa Godson. Godson ni kijana wa Machame aliyekuja Karatu kusomea uongozaji watalii, akapanga chumba cha uani kwa Antonia. Alipanga kwa maana ya kulala. Kula alikula kwa Antonia, kufuliwa alifuliwa na Antonia, na malaria ilipomshika ni Antonia aliyekaa naye siku nne akimnywesha uji kwa kijiko. Alimwita mama. Uongozaji ulimshinda, maana hakuweza kutofautisha tai na kunguru, mtihani wa ndege akaufeli mara mbili. Akahamia tamasha, kwanza kubeba spika, baadaye kucheza. Tuseme haki, kucheza anajua. Mwaka elfu mbili kumi na nne alipiga video ya Antonia anashindilia sakafu, kwa simu, siku nzima. Mwaka uliofuata akapata nafasi Ulaya. Antonia akamchinjia jogoo. Tangu hapo, hata salamu ya Krismasi hakuna.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Antonia alipanda bodaboda mpaka ofisi ya tamasha mjini. Pale kuna binti anaitwa Winnie, mtoto wa watu wa Marangu wenye duka la mabati, ndiye karani wa kila kitu.

"Mama Antonia, shikamoo."

"Marahaba. Winnie, hebu nisomee nilikufaje."

Winnie alitoa kitabu cha ratiba alichokileta Klara, kile kizuri cha kung'aa, cha Kiingereza. Akasoma kimoyomoyo kwanza, akaweka mkono mdomoni. Halafu akatafsiri. Ilikuwa imeandikwa hivi: Hatua hii ya kale nilifundishwa na mama yangu wa Rhotia, marehemu Antonia Tluway, ambaye kabla ya kufa aliniachia mimi peke yangu niitunze.

Nje pikipiki ilipita, vumbi likaingia, likatua juu ya kitabu.

"Mbona aniue?" aliuliza. "Angeweza kuandika niko hai na bado akacheza."

"Kule wanadai karatasi, mama. Ukichukua ngoma ya mtu lazima ulete barua, mwenyewe ametia saini kwamba ameridhia. Ila mwenyewe akiwa amekufa, hawadai."

"Yaani aliona kunizika ni rahisi kuliko kupanda bodaboda kuja Rhotia."

"Na mama, kuna lingine." Winnie alikuwa anaona aibu kama ni yeye aliyekosa. "Aliandika mwezi uliopita. Anasema mwaka huu sakafu washindilie vijana. Akina mama wapumzike."

Hilo ndilo lililomaliza. Kuuliwa Ulaya ni jambo moja, Antonia hana ndugu Ulaya. Lakini kuondolewa kwenye sakafu yake, hapa Karatu, ili maiti isionekane ikitembea, hapo alihisi damu inapanda mpaka kwenye masikio.

"Winnie, nataka kitu kimoja tu," alisema. "Nataka aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wa Karatu, kwamba mimi sijafa na hatua ni yangu. Kimoja tu. Huyo Klara anajua?"

"Klara hajui kitu. Analia kweli kweli. Wakicheza popote wanaanza na dakika moja ya kimya kwa ajili yako. Ila Godson amemwambia Karatu wasifanye, eti huku ni mwiko kumtaja marehemu nyumbani kwao."

"Mwandikie afanye," alisema Antonia. "Mwambie watu wa Rhotia watafurahi sana kunikumbuka."

Winnie alimtazama. Halafu akavuta kompyuta karibu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya kazi huku anatabasamu. Lile agizo la vijana akalitia kapuni.

Wiki ile Rhotia nzima ilikaa na siri, na hii ni Rhotia ambako mtu akinunua sufuria leo kesho unaulizwa ni ya lita ngapi. Hakuna aliyemwambia mzungu. Badala yake walimmalizia Antonia utani. Akipita dukani, "Marehemu, umekuja kuchukua sabuni?" Akipita bombani, "Mpisheni, huyu hana haraka, ana umilele." Yeye aliitikia tu. Lakini Penina, mwenzake wa kushikana naye kiuno kwenye mstari, ndiye aliyejua ndani kukoje, maana siku mbili za kushindilia Antonia alikanyaga mpaka mstari mzima ukatikisika.

"Taratibu wewe, unatafuta maji?"

"Natafuta kisogo cha Godson."

Modest alikuwa na shauri lake. Jioni ya pili alikuja kusimama ukingoni mwa sakafu, akaangalia huku na huku kama mwizi wa mahindi. "Pale katikati," alinong'ona, "ongeza mavi mabichi chini, funika na udongo mwembamba. Akiruka tu, anaangukia nyonga."

Antonia aliwaza. Nisidanganye, aliwaza kwa muda mrefu, na alimwona Godson anavyoanguka, akamwona mara tatu, kila mara kwa mtindo tofauti. Halafu akatikisa kichwa. "Sakafu yangu haijawahi kumwangusha mtu. Haitaanzia kwa huyu. Yeye nataka aanguke akiwa amesimama."

Ijumaa ikafika. Godson alitua asubuhi, akaja moja kwa moja Karatu, kofia nyeusi, skafu shingoni kwenye jua. Rhotia hakusimama, alisema ratiba imembana. Aliiona sakafu imekauka vizuri, inang'aa, hakuuliza nani kaishindilia. Labda aliogopa jibu.

Saa kumi jioni uwanja ulijaa. Wageni kwenye viti, watu wa Karatu kwenye nyasi, na nyuma kabisa waongoza watalii wamepanda juu ya magari yao ya safari, wametoka kreta na vumbi lao, miguu inaning'inia. Klara akasimama na kipaza sauti. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza. Akaomba watu wote wasimame, dakika moja, kwa heshima ya mama Antonia Tluway.

Nyuma ya pazia Godson aligeuka kama aliyeumwa na nyuki. Lakini watu walikuwa wameshasimama. Na kwenye ratiba aliyoichapa Winnie, dakika ile ile ilikuwa ndiyo dakika ya kufungua sakafu.

Antonia akavua kandambili. Akashika kitenge kidogo kwa mkono mmoja, akaingia.

Alivuka kutoka mwanzo mpaka mwisho, mguu mzima chini, bila haraka. Watu elfu moja kimya. Karatu nzima imeuma midomo. Kule mbele Modest alikuwa analia kwa kwikwi kama mgane wa kweli, anajifuta kwa kofia, na mtalii mmoja mama wa makamo alimshika bega kumpa pole. Antonia alipofika upande wa pili akapita karibu na pazia. Godson alikuwa pale. Macho yakakutana.

"Mama," alisema Godson, midomo tu, sauti haikutoka.

Antonia alirudi akakaa chini, mbele kabisa, kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake yote miwili kuelekea jukwaani, akatulia. Klara alikuwa amegusa moyo wake kwa mkono. Alidhani ni mama wa usafi mwenye imani.

Basi wakacheza. Wachezaji wanane na Godson mbele. Na Antonia, ambaye dansi ile hajawahi kuiona, aliona kitu ambacho hata yeye hakukitegemea. Wote walikuwa wanakanyaga mbili kulia vizuri, halafu kushoto wanagusa kwa kisigino, vidole juu, bega la kushoto linashuka, na wanakunja uso upande mmoja kama wamelamba ndimu. Mbili kulia, kisigino, bega, uso. Watu wanane kutoka nchi tano. Kwa mpangilio mzuri ajabu.

Antonia aliinama mbele. Akatazama tena. Halafu akakumbuka, na moyoni mwake kitu kikakaa mahali pake, polepole, kama jiwe la jiko.

Godson alicheza vibaya siku hiyo. Kila alipogeuka, ile miguu ya marehemu ilikuwa pale, imenyooshwa, inamtazama.

Kila dansi ikiisha kwenye tamasha lile kuna maswali. Mgeni anajibu kwa Kiingereza na mwenyeji mmoja anatafsiri. Mwenyeji siku hiyo alikuwa Godson. Antonia akainua mkono.

"Tuanze na wageni wetu," Godson alisema.

"Mama kainua kwanza," wakasema watu wa kwenye nyasi.

"Mimi nina swali dogo," Antonia alisema. "Mguu wa kushoto. Mbona mnakanyaga kwa kisigino, nyote, halafu mnakunja uso?"

Godson akatafsiri, hana jinsi. Klara alifurahi sana, akasema hilo ndilo swali ambalo amelisubiri nchi kumi na mbili. Akaeleza kwamba kushoto ni upande wa wafu. Kisigino kinagusa taratibu kisiwaamshe mababu walio chini. Na ule uso ni huzuni ya karne nyingi. Godson aliyarudisha kwa Kiswahili, sauti inapungua kila neno.

"Asante," alisema Antonia. "Mwambie ilikuwa funza."

Godson aligeukia kipaza sauti, akasema Kiingereza kirefu, kizuri, na wageni wakaanza kupiga makofi.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo angelifanya mji mwingine wowote lingepita. Alisahau yuko Karatu. Karatu nusu ya mji inakula kwa kusema Kiingereza.

"Hajasema hivyo," ilisikika sauti kutoka juu ya gari. Alikuwa Obed, dereva wa safari mwenye miaka kumi na tano kwenye kazi. "Wewe Godson, umesema mama anashukuru kwa kuheshimu mila. Mama hajashukuru kitu. Mama amesema funza."

"Tafsiri vizuri," akasema mwingine.

"Kaka, hilo neno kwa Kiingereza silijui," Godson alisema.

Wakamtajia. Mmoja akalisema kwa Kiingereza, mwingine wa gari la pili kwa Kijerumani, mwingine kwa Kifaransa, na kijana mmoja anayeongoza Wahispania akaongeza na ishara ya mkono, mdudu anavyoingia kwenye ngozi. Wageni wakaanza kuangalia miguu yao.

Antonia alikuwa ameshasimama. "Mwambie siku ile unanipiga video, Modest alikuwa amenitoa funza jana yake, kidole gumba cha kushoto, kwa pini, akaacha shimo la kuingia harage."

"Harage zima," Modest akathibitisha. Kilio kilikuwa kimemwisha.

"Nikashindilia kwa kisigino. Nikakunja uso kwa sababu mavi ya ng'ombe yaliingia kwenye kidonda. Anayejua kushindilia hakanyagi hivyo. Hivyo anakanyaga mgonjwa."

Safari hii Obed ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno, hakuacha hata mavi. Klara alisikiliza mdomo wazi. Akauliza, huyu mama anajuaje yote haya?

"Kwa sababu mguu ni wangu," alisema Antonia. Akapanda kwenye sakafu, akaweka mguu wa kushoto mbele, kovu lile la duara kila mtu alione. "Mimi ndiye Antonia Tluway. Wewe binti ulinilipia misa. Nakushukuru, ilikuwa misa nzuri. Nilikuwepo."

Klara alikaa chini pale pale, kama aliyekatwa kamba. Akamgeukia Godson, akamwambia neno moja kwa lugha ya kwao. Hata waongoza watalii hawakulitafsiri.

"Sasa wewe," Antonia alimwambia Godson. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kumwita mtoto atoke chini ya kitanda. "Sema."

"Niseme nini, mama?"

"Kwamba sijafa."

"Mama, tungekaa tu nyumbani tukaongea."

"Nyumbani unapajua. Imepita miaka tisa hujafika. Kipaza sauti hicho hapo."

Godson akasema. Kwamba mama Antonia hajafa.

"Huku nyuma hatusikii," Obed alisema.

Akarudia.

"Na hatua ni ya nani?" Antonia aliuliza.

"Ni ya mama Antonia."

"Aliniachia?"

"Hakuniachia," Godson alisema. "Niliichukua."

"Kwa Kiingereza sasa. Na usiongeze maua."

Akasema kwa Kiingereza, na waongoza watalii wote wakasikiliza vichwa vimeinama upande, kama walimu wanaosahihisha, na alipomaliza Obed akasema, "Hiyo sawa." Ndipo Godson, jasho likitiririka mpaka kwenye skafu, akafungua mikono kuja kumkumbatia. Antonia alipita chini ya mkono wake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Akawaita wenzake. Penina na wale wengine wakapanda, wakashikana viuno, na mbele ya wageni wakashindilia, mbili kulia, mbili kushoto, mguu mzima chini, mpaka alama za visigino zote zikafutika. Hawakupangiwa muda. Walimaliza walipomaliza.

Wengi wanasema mambo yangeishia pale. Mama kapata alichotaka, kijana kaaibika, watoto wa Karatu walikuwa wameshaanza kumwita Godson Funza kabla gari la wageni halijawashwa. Lakini Jumapili baada ya misa, bodaboda ilisimama nyumbani kwa Antonia. Godson akashuka na mfuko wa sukari, kreti la soda, doti ya kitenge, na bahasha ya kaki.

Antonia alikuwa amekaa nje ya jikoni anachambua maharage. Modest yuko kwenye kigoda.

"Shikamoo mama," alisema Godson.

Antonia alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Mama, shikamoo."

Huku kwetu shikamoo haiachwi hewani. Unaweza kugombana na mtu mpaka mahakamani, lakini akikuamkia unaitikia marahaba, ndipo mgombane tena. Antonia hakuitikia. Aligeuza ungo upande wa pili.

"Unamwamkia nani, kijana?" Modest aliuliza kwa upole.

"Mama."

"Mama yupi? Mwenye nyumba hii alifariki elfu mbili kumi na sita. Ni wewe uliyetutangazia."

"Baba, jamani. Nilishasema Ijumaa, watu wote wamesikia."

"Watu wamesikia, na kwa watu amefufuka. Jana kanunua mpaka viatu. Ila kwako naona bado."

Godson akafungua bahasha. Klara alikuwa amewaandikia waandalizi wa kule Ulaya usiku ule ule. Sasa wanataka ile barua, yenye saini ya mwenyewe, kwamba ameridhia. Isipopatikana kufikia Septemba, dansi inasimamishwa kila mahali. Miaka minane ya kazi yake, alisema, na safari sita zilizokwisha kupangwa. Alipiga magoti kwenye ardhi ya uani, pale pale alipokuwa anaoga kwa ndoo enzi zile, akaiweka barua na kalamu juu ya mfuko wa sukari.

"Saini tu, mama. Hata kidole gumba."

Antonia alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alilisikia lile neno, kidole gumba, lilivyomtoka bila kufikiri. Halafu akarudi kwenye maharage.

"Marehemu haandiki," alisema Modest. "Soda tutakunywa. Tunashukuru kwa kuja msibani."

Godson alisubiri karibu saa nzima. Bodaboda akachoka kupiga honi, akazima, akaja kukaa na Modest, wakafungua soda mbili. Mwishowe Godson akaondoka, barua akaiacha, labda akiwa na tumaini.

Hawakuitupa. Kule jikoni kwa Antonia kuna meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, miaka yote inachechemea, ukikata kitunguu inakukimbia. Jioni ile alichukua barua na bahasha yake, akaikunja mara nne, akaiinua meza kwa goti, akaisukuma chini ya ule mguu. Akaijaribu meza kwa viganja viwili. Ilisimama vizuri kabisa.

Agosti iliyofuata Antonia alishindilia sakafu kama kawaida, akaivuka. Godson alikuja kama mtazamaji tu, kwa nauli yake. Alimfuata pale kwenye sufuria za makande, akavua kofia, akasema shikamoo. Antonia alimpakulia, maana njaa haina kosa, sahani imejaa mpaka pembeni. Shikamoo hakuitikia.